Nguzo Haisimami Katikati

Januari 1499, mabaharia wa Vasco da Gama waliitia moto merikebu yao wenyewe mbele ya pwani ya Mtangata, kusini kidogo ya mji tunaouita leo Tanga. São Rafael haikuchomwa kwa ubovu. Waliopungua ni watu: kiseyeye kilikuwa kimewaua wengi katika safari ya kurudi kutoka India, na waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Walikaa hapo siku 15 wakihamisha shehena, na wenyeji wa mji uliowakabili wakawapelekea kuku kwa wingi na kubadilishana kwa mashati na bangili. Mwandishi wa safari hiyo aliutaja mji kwa jina la Tamugata. Aliandika kuku, akaandika mashati. Miezi tisa kabla yake, walipokwama kwenye fungu la pwani hiyohiyo wakienda Mombasa, alikwisha kuandika habari za machungwa, akayasifu kuwa mazuri kuliko ya kwao, na milima iliyoonekana nyuma ya pwani, yaani Usambara, wakaipa jina la merikebu yao. Majengo hakuyagusa.

Kabla merikebu haijateketea waliiokoa sanamu yake ya mbao, ya malaika Rafaeli, na sanamu hiyo ipo mpaka leo Lisbon katika makumbusho ya wanamaji. Kwa hiyo kipande kimoja cha sanaa kilichopita Mtangata mwaka ule kimetunzwa kwenye kabati la kioo, nacho ni cha wageni. Kazi ya wenyeji ilibaki palepale ilipojengwa, juani na mvuani, na imekuwa ikimomonyoka tangu hapo.

Mtangata ndiyo Tongoni ya leo, mwendo usiofika kilomita 20 kutoka Tanga kwa barabara ya Pangani. Mji ulineemeka katika karne ya 14 na 15. Kilichobaki ni magofu ya msikiti mkubwa wa Ijumaa na makaburi mengi, na kati ya hayo zaidi ya 20 ni makaburi ya nguzo. Makaburi ya nguzo yametapakaa pwani nzima, lakini hakuna mahali yalipokusanyika kwa wingi kama hapa. Nguzo nyingi zimeanguka. Zilizosimama, hata zile zilizokatika nusu, zinatosha kumwonyesha mtu jinsi waashi wa pwani hii walivyoufikiria mstari na jinsi walivyoifikiria mizani, na si kwa namna ambayo vitabu vya shule vya sanaa hutufundisha, kwamba chora mstari katikati ya karatasi kisha fanya kulia kuwe kama kushoto.

Tuanze na kilichokuwa mikononi mwao. Jiwe la kwanza ni tumbawe la nchi kavu, lile linalochimbwa ardhini nyuma ya ufuo. Ni gumu, limejaa matundu, na likipigwa hupasuka linavyotaka lenyewe. Huwezi kulitolea ukingo ulionyooka. Ndiyo maana ukuta wa Tongoni, pale lipu ilipobanduka, ni mseto wa mawe ya kila umbo yaliyolazwa ndani ya chokaa. Unyoofu wote ulikuwa kwenye lipu. Fundi alivuta uzi, akaning'iniza timazi, akayafunika mawe kwa chokaa safu baada ya safu hadi uso wa ukuta ukakubaliana na uzi. Chokaa yenyewe ilitoka kwenye matumbawe yaleyale, yaliyopangwa juu ya rundo la kuni na kuchomwa, kisha ikazimwa kwa maji na kuachwa ipoe muda mrefu kabla haijatiwa mwiko.

Jiwe la pili lilitoka baharini. Kuna tumbawe la chembe ndogondogo ambalo hukatwa likiwa bado bichi, chini ya maji, na likiwa bichi huchongeka karibu kama mti. Likikauka huwa gumu. Mafundi waliliweka akiba kwa mahali ambapo jicho lingetua: matao, miimo ya milango, fremu za makaburi, na mihirabu. Alama ya patasi iliyopigwa kwenye jiwe bichi haifutiki kwa urahisi, kwa hiyo fundi alikuwa na muda mfupi na nafasi ya kukosea ilikuwa ndogo.

Kitu cha tatu kilikuwa boriti ya mkoko, na hiki ndicho kilichotawala kuliko vyote. Boriti nzuri ya kubeba dari ya mawe na chokaa ilikuwa na urefu wa chini ya mita 3. Ikizidi hapo hupinda. Upana wa chumba cha nyumba ya mawe, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, haukuamuliwa na mwenye nyumba wala na fundi. Uliamuliwa na mkoko. Ndipo zikatokea zile nyumba zenye vyumba virefu vyembamba vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, ambazo mgeni hudhani ni mtindo tu.

Msikitini jambo hili lilizaa tatizo la kupendeza. Ukitaka ukumbi wa upana wa boriti mbili, lazima boriti zikutane mahali, na mahali hapo pahitaji safu ya nguzo. Safu hiyo itapita wapi? Katikati kabisa. Na mihirabu iko wapi? Katikati kabisa ya ukuta wa kibla. Kwa hiyo anayeingia kwa nyuma na kutazama mbele anaona nguzo, si mihirabu. Msikiti mkuu wa Gedi, karibu na Malindi, ambao James Kirkman aliufukua baada ya kuanza kazi yake huko mwaka 1948, una safu tatu za nguzo, na safu ya kati inaziba mihirabu namna hiyohiyo. Peter Garlake, msanifu majengo aliyepima magofu ya pwani na kuchapisha kitabu chake mwaka 1966, alionyesha kwamba hilo halikuwa jambo la msikiti mmoja.

Wako waliolihesabu kuwa kosa la ufundi. Mimi sioni hivyo. Ukumbi unaotakiwa kutazamwa kutoka mlangoni ni ukumbi wa sherehe, wenye kiti cha enzi mwisho wake. Waumini hawaji kuitazama mihirabu. Husimama kwa safu, bega kwa bega, na safu hukata ukumbi kwa upana. Mstari wenye maana ndani ya msikiti ni ule wa miguu ya watu. Fundi aliyejenga alikuwa akiswali humo mwenyewe, na alijua nguzo ya kati haimpunguzii mtu kitu.

Mihirabu yenyewe, hata hivyo, ni habari nyingine. Hapo usawa wa pande mbili ulifuatwa kwa ukali. Tao lenye ncha hupatikana kwa mapinde mawili ya duara yanayokutana juu, na kila pinde lina kitovu chake. Kitovu kimoja kikisogea hata kidogo, ncha inaelemea upande. Kisha fremu huzunguka tao, na fremu nyingine huizunguka hiyo, kila moja ikiwa ndani zaidi ya iliyo nje yake. Kizimkazi, upande wa pili wa mkondo wa Unguja, maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye mihirabu yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, na herufi zake zimesimama wima zikichipua maua kwenye ncha. Karibu miaka mia mbili kabla ya neema ya Mtangata, basi, pwani hii ilikwisha kuona mstari wa kiwango hicho.

Kuna jambo moja la jiografia ambalo liliwarahisishia kazi. Makka na Tanga ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo. Tofauti yao haifiki digrii moja. Kwa mtu wa Cairo au wa Delhi, kutafuta kibla kulikuwa hesabu. Kwa mtu wa Mtangata, kibla ni kaskazini, basi. Msikiti ukalazwa kusini-kaskazini. Maiti huzikwa kwa ubavu wa kulia akielekea kibla, kwa hiyo kaburi linalala mashariki-magharibi. Mji mzima wa mawe ukawa na mistari miwili inayokatana, ya walio hai na ya waliokufa, bila mtu yeyote kuchora ramani.

Sasa nguzo. Kaburi la nguzo lina sehemu mbili. Ya kwanza ni uzio wa ukuta mfupi unaozunguka mahali pa maziko, mrefu kwa mashariki-magharibi. Uso wa ukuta huo umegawanywa kwa mapango ya mstatili yaliyozamishwa kidogo, na kingo zake zimetengenezwa kwa vipande vya tumbawe la baharini. Ukilitazama asubuhi utaona kitu ambacho picha ya mchana haionyeshi: hakuna rangi, hakuna mchoro, ila kila ukingo umetupa kivuli chembamba ndani ya pango lake, na hicho kivuli ndicho mstari. Jua likipanda, mistari ya wima inapotea na ya ulalo inakolea. Alasiri inahamia upande wa pili. Fundi hakuchora, alitayarisha mahali pa jua kuchora.

Sehemu ya pili ni nguzo yenyewe, na hapa ndipo pa kutulia. Nguzo haisimami katikati ya kaburi. Inapanda juu ya ukuta wa upande mmoja, kwenye ncha. Katika makaburi mengi ya pwani ni ukuta wa mashariki. Mtu aliyezoea kuweka kila kitu katikati angetarajia pacha wake upande wa magharibi, au angeisogeza nguzo hadi kati. Waashi wetu hawakufanya lolote kati ya hayo. Waliacha kitu kirefu cha wima kwenye ncha moja, na mbele yake wakalaza kitu kifupi, kirefu kwa ulalo, kizito kwa macho, chenye mapango yaliyopangwa moja baada ya jingine. Jicho hupanda kwenye nguzo, kisha hushuka na kutembea juu ya ukuta mpaka mwisho. Pande hizi mbili hazifanani kwa lolote, na bado hazielemeani. Wauza nafaka walilijua hilo kabla ya wachoraji: kwenye mizani ya mkono, jiwe dogo lililo mbali na mpini hushindana na gunia lililo karibu.

Nguzo nyingine zilikuwa za pembe nne, nyingine za pembe nane, na kwingineko pwani zipo za duara. Ndani yake ni mseto uleule wa mawe na chokaa. Kitu kirefu chembamba, kisicho na chuma, kikiwa juu ya ukuta usio na msingi wa kina, kimesimama kwa uzito wake tu. Uzito ukishuka nje ya kitako chake, ndio mwisho. Mizizi ya miti, chumvi, na bahari inayokula ufuo vimefanya kazi yao. Mizani ya macho ilidumu kuliko mizani ya mawe.

Karibu na vichwa vya nguzo na kwenye kuta, mafundi walipachika bakuli na sahani za kigeni zenye rangi ya kung'aa. Kunduchi na Mambrui ndiko kunakotajwa sana kwa kaure za Kichina. Tongoni vimebaki vishimo vya duara tu. Lakini hata vishimo vinafundisha: duara moja juu ya uso mtupu wa chokaa nyeupe husimamisha jicho lisipande hovyo. Aliyezing'oa bakuli alichukua pia kituo hicho, na ndiyo maana nguzo nyingi leo huonekana kama zimeachwa kabla ya kumalizika.

Msafiri Mwingereza Richard Burton alifika Tongoni mwaka 1857 pamoja na John Speke, miezi michache kabla ya safari yao ya kuyatafuta maziwa ya bara. Tofauti na mwandishi wa Wareno, yeye aliyatazama makaburi, na akakuta kwenye moja kigae kilichopakwa rangi ya kung'aa chenye maandishi ya Kiajemi. Kigae hicho hakipo tena mahali pake. Wakati huo Tongoni ilikuwa kijiji. Biashara ilikuwa Pangani.

Pangani ya karne ya 19 ilikula kwa njia tatu: pembe za ndovu zilizoshuka na misafara, watu waliouzwa, na miwa ya mashamba yaliyopakana na mto. Tajiri wa fedha hizo hakujenga kaburi la nguzo. Mtindo huo ulikuwa umekwisha. Alitengeneza mlango. Na huwezi kusema mlango wa Pangani ni mzuri bila kukumbuka kwamba nyingi ya fedha zilizomlipa mchongaji zilipita kwanza mikononi mwa madalali wa binadamu. Mwenye nyumba alitaka mpita njia ajue utajiri wake hata kama hatakaribishwa ndani, na ukuta wa nyumba ya mawe, mweupe na mtupu, ulimwachia mlango kazi yote ya kusema.

Mlango wa nakshi una kizingiti cha juu, miimo miwili, mbao mbili, na mfaa. Fundi wa nakshi huanza na bikari. Huchora duara la ua kwenye kizingiti, kisha hurudia nusu ya duara kwa kipimo kilekile ili petali zigawane sawasawa, kisha huteremka kwenye miimo kwa mkanda unaojirudia: mnyororo, mawimbi, majani ya mtende. Chini kabisa ya mwimo, mara nyingi, samaki. Mti mzuri ulikuwa msaji kutoka India au mvule wa huku. Patasi hufuata kwa kukata ardhi ya mchoro, yaani ule mti usiotakiwa, mpaka ua linabaki limeinuka. Kwa jicho la haraka kila kitu kimepangwa kulia kama kushoto, na hapo mtu angesema, basi, hawa walirudi kwenye usawa wa pacha.

Tazama mfaa. Ni ule mwimo wa kati uliochongwa sana, unaofunika mahali ambapo mbao mbili hukutana. Mlango ukiwa umefungwa, mfaa ndio mhimili. Kila kitu kinahesabiwa kuanzia hapo. Lakini mfaa haujashikwa na fremu. Umepigiliwa kwenye ubao mmoja tu. Mafundi huita ubao mmoja dume na mwingine jike, na kwa shughuli za kila siku hufunguliwa mmoja, ule usio na mfaa. Wa pili hufunguliwa kwa mzigo mkubwa, kwa harusi au kwa jeneza. Maana yake ni kwamba mlango huu husawazika kwa muda ule tu unapokuwa umefungwa. Mtu akitoka kwenda sokoni, mhimili wake unabaki upande mmoja, kama nguzo ya Tongoni kwenye ncha ya kaburi lake. Sidai kwamba mchongaji wa Pangani alikuwa akiwaiga waashi wa Mtangata. Haja ilikuwa ya vitendo: pengo kati ya mbao lazima lizibwe, na mbao lazima zifunguke. Ila jinsi haja ilivyotatuliwa, kwa mhimili kupewa upande mmoja bila jicho kulalamika, si ngeni pwani hii.

Wanawake walikuwa na uwanja wao. Mwishoni mwa karne hiyohiyo leso ziliungwa kuwa kanga, na kuanzia mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak akaziuza Mombasa. Kila msomaji anaijua sura yake: pindo pande zote nne, mji katikati, jina chini. Pindo na mji vingeweza kugeuzwa juu chini bila mtu kujua. Jina ndilo linaloharibu usawa huo na kuipa kanga miguu na kichwa. Kisutu cha harusi, chenye wekundu, weusi na weupe wake, kwa desturi hakina jina, na pengine ndiyo maana huonekana kimetulia kuliko kanga nyingine zote.

Kisha ikaja rula. Wajerumani walipandisha bendera yao Pangani mwaka 1888, watu wakaasi, na kiongozi wao Bushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa papo hapo Pangani, akanyongwa Desemba 15, 1889. Mwaka 1893 reli ilianza kujengwa kutoka Tanga, ikafika Muheza mwaka 1896. Mwaka huohuo wa 1893 miche ya katani iliyoagizwa kutoka Florida na Richard Hindorf ilifika. Kati ya 1,000 ilisalia hai 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo ilizaliwa mistari ya katani ambayo abiria wa basi la Tanga bado huona ikifunguka na kufunga dirishani kama kurasa. Mjini, Ngamiani ikapimwa kwa barabara zenye namba badala ya majina, ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi kupita ya 20. Ni mistari iliyochorwa kwanza kwenye karatasi na kuletwa ardhini baadaye. Kuikuta Ngamiani imejaa maisha yasiyofuata namba ni jambo la historia nyingine.

Baada ya uhuru, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka chini ya ulinzi magofu ya aina ya Tongoni, na ikataja kwa jina kitu kingine: milango na fremu za milango za mbao zilizochongwa Afrika kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Ni nadra sheria kuitaja kazi ya fundi seremala kwa uwazi kiasi hicho. Ilikuwa na sababu, kwani milango ilikuwa ikihama. Nyumba ya mawe ikianguka, ukuta hauna mnunuzi, mlango unao. Si ajabu kuukuta mlango wa pwani umesimamishwa mbele ya ukuta wa hoteli, umepakwa mafuta, taa ikiumulika kwa chini, na mbao zake zote mbili zimepigiliwa misumari zisifunguke. Namna hiyo mfaa haubanduki tena kutoka katikati, na anayeupiga picha ataapa kwamba mlango ule ulichongwa sawasawa, kulia na kushoto.